Chaja ya USB-C ya Wati 65 katika Nyumba ya Lamu: Tathmini ya Waya Kuliko Umeme

Chaja ninayoitathmini hapa ni ya USB-C yenye nguvu ya wati 65, ya aina ile ndogo inayochomekwa moja kwa moja ukutani, pamoja na waya wake wa mita mbili unaochomoka pande zote mbili. Niliinunua Mombasa kwa bei iliyo chini kidogo ya shilingi elfu nne, waya ukiwa umo ndani ya bei hiyo, na nimekuwa nikiitumia nyumbani Mkomani, hapa Lamu, kwa laptopu iliyofanya kazi Uingereza miaka kadhaa kabla ya kuletwa kuuzwa huku. Laptopu hiyo ina matundu mawili ya kupokea umeme, la duara la zamani na la USB-C, kwa hiyo nimeweza kulinganisha chaja mbili, hii mpya na ya zamani ya tundu la duara, kwa mashine moja, kazi moja na chumba kimoja. Jina la kampuni sitalitaja, maana chaja za umbo hili huuzwa kwa majina mengi, na ninayoyasema yanahusu umbo.

Kuhusu umeme wenyewe sina mengi. Wati 65 zinaitosha laptopu ya kawaida ya ofisini, na betri hujaa huku kazi ikiendelea. Chaja inapokea kuanzia volti 100 hadi 240, kama ilivyo desturi ya chaja za laptopu siku hizi, hivyo volti 240 za Kenya hazina taabu nayo. Ndani yake imetumia galiamu naitraidi, mada inayopoteza umeme kidogo kwa joto, badala ya silikoni ya kawaida katika sehemu zinazokatakata umeme, na ndiyo maana inatoshea kiganjani na haipati joto la kutisha. Hayo yote ni mazuri, lakini baada ya wiki ya kwanza mtu huyasahau. Kinachobaki kila siku ni waya: urefu wake, unaanzia wapi na kuishia wapi, unakunjika vipi, na kinatokea nini mtu anapoukanyaga. Matangazo ya laptopu hueleza skrini na kumbukumbu kwa kirefu na kuupa waya mstari mmoja mwishoni, ilhali ndio kitu ambacho mwenye mashine hukishika asubuhi na jioni.

Nyumba zetu zinaukuza ukubwa wa jambo hili. Mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti karne nyingi kabla ya mtu kuwaza habari za soketi. Ukuta mnene wa namna hiyo hauchimbwi ovyo, kwa hiyo mafundi wa umeme mara nyingi hupitisha nyaya juu ya lipu na kuweka soketi pale njia inapokuwa fupi zaidi. Katika chumba ninachofanyia kazi kuna soketi moja tu ya matundu mawili, nayo iko karibu na mlango, wakati mwanga na upepo viko upande wa pili, chini ya dirisha. Vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti, na hivyo waya wowote unaotoka mlangoni kwenda dirishani hauna budi kupita kwenye njia ya watu. Bibi alipoona chaja ya zamani imetandazwa alisimama mlangoni na kuniuliza, "Mjukuu wangu, huu mtego umemtegea nani?" Nikamjibu kwamba nauondoa sasa hivi, na nikautegesha nyuma ya kiti, na kesho yake ukarudi pale pale.

Chaja hiyo ya zamani ilikuwa na muundo tuliouzoea wote: plagi ya miguu mitatu, waya mnene wa kama mita moja, kiboksi kizito katikati, kisha waya mwembamba wa mita moja na nusu au zaidi unaoishia kwa pini ya duara. Wengi hukilaumu kiboksi, nami nilikuwa mmoja wao, lakini muundo huo una hekima ambayo chaja mpya imeipoteza. Uzito wote umekaa sakafuni na haukining'inii chochote. Waya wa upande wa ukutani unachomoka kwenye kiboksi kwa kichwa chenye duara tatu zilizoshikana, ambacho ni cha kiwango cha kimataifa, kwa hiyo ukikatika au ukiwa mfupi unanunua mwingine katika duka lolote la vifaa vya umeme bila kuigusa chaja yenyewe. Na ukijumlisha pande mbili unapata karibu mita tatu, ambazo katika chumba changu ndizo zinazotenganisha dirisha na giza.

Udhaifu wake uko upande mwingine, ule mwembamba. Waya huo haukuwa ukichomoka kwenye kiboksi, na pini yake ilikuwa imenyooka, ikitokeza nje ya ubavu wa laptopu kama kidole. Anayefanyia kazi mezani haoni ubaya wowote. Sisi tunaokaa mkekani na laptopu mapajani tunaona, kwa sababu mto au paja huisukuma pini hiyo juu kila unapogeuka, na waya hupinda mahali pale pale, sentimita moja nyuma ya pini, hadi nyuzi za ndani zinaanza kukatika moja moja. Kwanza chaji huja na kuondoka. Kisha unaanza kuuzungusha waya kuutafutia mkao unaokubali, na ukiupata hutikisiki tena, unafanya kazi umekaa kama uliyepigwa picha.

Fundi mmoja wa mtaa wa Langoni aliupasua waya huo mbele yangu kwa wembe. Chini ya gamba jeusi kulikuwa na wavu wa nyuzi za shaba uliozunguka waya mwingine, na ndani kabisa uzi wa tatu, mwembamba kuliko uzi wa cherehani. Pale kwenye pindo nyuzi za nje zilikuwa zimekatika na zilizobaki zimegeuka kijani, kwani hewa ya chumvi huingia popote gamba linapopasuka. Akaniambia, "Huu mwembamba ndio unaosumbua watu. Umeme unapita, taa inawaka, lakini betri haijai." Alikuwa amesema kweli. Katika laptopu nyingi za Dell na HP zenye tundu la duara, pini nyembamba iliyo katikati haibebi umeme wa kuendeshea mashine, bali huijulisha laptopu chaja ni ya aina gani na ina wati ngapi. Habari hiyo ikikatika, laptopu nyingi za jinsi hiyo zinawaka lakini zinakataa kujaza betri, na baadhi hupunguza kasi makusudi kwa kuiogopa chaja zisiyoijua. Mwenye laptopu hudhani betri imekufa, hununua mpya, na tatizo hubaki.

Chaja mpya imeuondoa ugonjwa huo kwa njia rahisi: waya umekuwa kitu cha peke yake. Ukiharibika unautupa na kununua mwingine kwa sehemu ndogo ya bei ya chaja, na siku ile ya kungoja unaazima wa simu ya jirani. Kichwa chake kinaingia juu au chini bila kubagua, jambo linaloonekana dogo mpaka umeme ukatike usiku na ukaanza kupapasa tundu gizani. Tena mazungumzo kati ya chaja na laptopu yamewekwa katika kiwango kimoja kwa wote. Chaja huanza kwa volti 5, laptopu huomba inachohitaji, na ndipo chaja inapopanda hadi volti 20. Kwa sababu hiyo chaja ile ile inaijaza simu bila kuiunguza, wakati chaja za pini ya duara hutoa volti zake 19 au 20 kwa chochote ambacho tundu lake limekubali kuipokea, na matundu yanayofanana kwa umbo yakitofautiana kwa volti si machache.

Hapa lazima nimpe mnunuzi tahadhari, kwa maana nyaya za USB-C zinafanana kwa macho na hazifanani kwa kazi. Waya wa kawaida unabeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Ili kupita hapo mpaka ampea 5 ni lazima uwe na chipu ndogo ndani ya kichwa inayotangaza uwezo wake. Ukiiunganisha chaja hii na waya wa kawaida utapata wati 60 badala ya 65, tofauti ambayo hutaiona. Waya ambao upande mmoja ni USB pana ya zamani, hata ukiingia kwenye chaja na kwenye laptopu, kwa kawaida hautaijaza laptopu. Kwenye maduka ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, nimeona aina hizo zote zimening'inia kwenye msumari mmoja. Uliza wati, na kama muuzaji hana jibu soma kwenye kichwa cha waya au kwenye pakiti. Nyaya nzuri huandikwa 60W, 100W au 240W.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, nalo ni kukanyagwa. Kampuni ya Apple ililishughulikia mwaka 2006 kwa kuweka MagSafe, kichwa kinachoshikwa na sumaku badala ya kuingia ndani ya tundu, ili mtu akijikwaa waya uachie na laptopu ibaki mezani. Wazo la waya wa sumaku lilikuwa limekwisha kutumika katika vyombo vya kupikia vya umeme huko Japani, ambako maji na mafuta ya moto yakimwagika si jambo la mzaha. Apple iliiacha sumaku hiyo ilipohamia USB-C, katika MacBook ya mwaka 2015 na MacBook Pro ya mwaka 2016, na wateja wakalalamika kwa miaka, hata ikairudisha mwaka 2021. Laptopu nyingi za Surface za Microsoft nazo zina kichwa cha sumaku. Nje ya hao wawili, watu wengi tumebaki na vichwa vinavyoingia na kung'ang'ania, na wengi wetu hatununui laptopu za bei hiyo.

Kichwa cha USB-C kinashika. Hakishiki kiasi cha kuiburuta laptopu kila mara, wala hakilegei kiasi cha kuiachia kila mara, kwa hiyo matokeo hutegemea upande ambao mguu umetokea. Waya ukivutwa moja kwa moja kwenda nje, kichwa huchomoka salama. Ukivutwa kwa kando au kwenda chini, nguvu yote huishia kwenye ulimi mwembamba ulio katikati ya tundu, na tundu hilo katika laptopu nyingi limechomewa kwenye bodi kuu yenyewe. Fundi yule wa Langoni ana maoni makali juu ya hili, na nimeona yana haki. Tundu la duara katika laptopu nyingi za ofisini limefungwa kwenye kiwaya kifupi cha peke yake ndani ya mashine, na yeye hulibadilisha kwa bisibisi tu, mteja akingoja barazani. Tundu la USB-C lina pini 24 ndogo mno, na kulibadilisha kunahitaji hewa ya moto, darubini na mkono uliotulia. Kwa baadhi ya kazi hizo hulazimika kuituma mashine Mombasa, ambayo ni mashua hadi Mokowe, upande wa bara, kisha basi la siku nzima. Kwa hiyo ule urahisi wa kubadilisha waya umelipiwa kwa ugumu wa kubadilisha tundu, na mtu mwenye watoto nyumbani anapaswa kulijua hilo kabla ya kuisifu USB-C.

Mimi nimelipunguza kwa kuchagua waya wenye kichwa kilichopinda kona upande wa laptopu. Kichwa hicho hulala ubavuni mwa mashine, waya ukafuata ukingo wake kwenda nyuma, na paja halikigusi. Sidai kwamba kona ni dawa ya kila kitu: ukivutwa kwa nguvu kuelekea nyuma, kona hufanya kazi ya wenzo na kulikandamiza tundu zaidi kuliko kichwa kilichonyooka. Lakini kwa mkaaji wa mkekani, kupindwa kidogo kidogo kila siku ndiko kunakoua, na kukanyagwa hutokea kwa nadra. Anayefanya kazi mezani, njia ya watu ikiwa kando, achukue kilichonyooka.

Vipo vichwa vya sumaku vya bei ya chini vinavyouzwa kando, ambavyo kipande kimoja hubaki ndani ya tundu la USB-C na kingine hubaki kwenye waya. Vinavutia, na rafiki zangu wawili wanavitumia kwa furaha. Mimi sivipendekezi kwa laptopu. Havimo katika viwango vya USB-C, pini zake ziko wazi zikikaa karibu mno, na vikikutana vimeinama kidogo pini ya volti 20 inaweza kugusa pini isiyostahili kuzipokea. Zaidi ya hayo sumaku hukusanya chembechembe za chuma, na pini zilizo wazi katika hewa ya bahari yetu hupata kutu kabla ya mwaka.

Upande wa ukutani chaja hii ina kasoro mbili. Ya kwanza ni uzito uliohamia kwenye plagi. Katika soketi mpya inakaa vizuri, kwa kuwa plagi yetu ya miguu mitatu hushika kuliko plagi nyingi za dunia. Katika soketi iliyochoka chaja huinama mbele, mguso ndani hulegea, na husikika mlio mdogo wa cheche ambao haupaswi kupuuzwa. Katika ekstensheni nako mwili wake mnene huifunika swichi ya tundu la jirani. Ya pili ni mguu wa juu wa plagi yake, ambao ni wa plastiki tupu. Kazi yake ni kufungua vifuniko vya usalama ndani ya soketi tu; waya wa ardhi haupo kabisa. Laptopu yangu ina mgongo wa chuma, na nikikaa peku sakafuni, miguu imegusa saruji, nahisi mnyeo kwenye viganja kana kwamba chuma kina manyoya. Chanzo chake ni kapasita ndogo iliyo ndani ya chaja kwa ajili ya kutuliza kelele za umeme, ambayo hupitisha mkondo mdogo sana. Kwa chaja halisi si hatari, ni karaha. Chaja ya zamani, iliyokuwa na waya wa ardhi wa kweli, haikuwa na mnyeo huo hata kidogo. Nikipandisha miguu mkekani unatoweka.

Kwa kuwa tumetaja vifuniko vya soketi, niseme neno kwa wanunuzi wa laptopu zilizotumika Ulaya, ambazo huja na plagi ya pini mbili za duara. Tabia ya kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili vifuniko vifunguke, kisha kusukuma pini hizo ndani, imeenea mno katika nyumba na hata katika ofisi. Pini za duara hazishikwi sawasawa na soketi iliyotengenezewa pini bapa, hupata joto, na hazina fyuzi ambayo plagi yetu inayo ndani yake. Waya wa miguu mitatu wenye kichwa cha duara tatu hauzidi bei ya chakula cha mchana.

Safarini ndipo chaja mpya inaposhinda bila mjadala. Inaingia mfukoni, inajaza simu na laptopu, na ukiwa na betri ya akiba yenye uwezo wa kutosha waya ule ule unaijaza laptopu hata ndani ya basi. Chaja yangu ina matundu mawili, na kuna jambo la kuzoea: ukichomeka simu wakati laptopu inajazwa, chaja hukata umeme kwa sekunde moja, ikagawa upya wati 45 kwa laptopu na zilizobaki kwa simu. Skrini hufifia kidogo, kisha mambo yakaendelea.

Urefu ndio malalamiko yangu ya mwisho. Mita mbili kutoka ukutani ni chache kwa nyumba hizi, na kampuni zinazotoa mita moja pekee ndani ya boksi zinafikiria meza ya hotelini. Nimenunua waya wa mita tatu wa wati 100 nikaupitisha ukingoni mwa ukuta, nyuma ya kitanda cha Bibi, ambako haupiti mtu. Chaja haina taa, kwa hiyo umeme ukirudi usiku ni lazima niiwashe laptopu kujua kama inajaa. Chaja ya zamani ilikuwa na taa ya kijani kwenye kiboksi.

Aliye na laptopu yenye tundu la duara peke yake asiinunue kwa kuvutiwa na udogo wake. Vipo viunganishi vya kugeuza USB-C kuwa pini ya duara, lakini kwa mashine zinazodai kuitambua chaja matokeo ni ya kubahatisha. Aliye na tundu la USB-C aangalie kama pembeni yake pana alama ya plagi, betri au radi, kisha aombe chaja ya mtu aijaribu kabla ya kutoa pesa, kwa sababu zipo laptopu ambazo tundu lao la USB-C hupitisha data tu na halipokei umeme wa kujaza betri.